Daftari la Pili

Naitwa Nyamvula. Nilizaliwa mvua ikinyesha
na mama hakuhangaika kutafuta jina jingine.
Nikadhani basi mvua itanijua,
itapita mlangoni kama jamaa wa mbali,
ibishe hodi kwanza.

Haikubisha.
Mwezi wa tano, usiku, mtaro wa Mlaleo
uliokabwa koo na chupa na nepi
ulitapika yote dukani mwangu:
maji ya magotini, rangi ya chai iliyolala,
na cherehani saba za watu
zimesimama ndani yake kama mbuzi wanaosubiri kuuzwa.

Cherehani nilizipangusa. Chuma huvumilia;
ukikifungua upesi, ukakipa mafuta, ukakibembeleza,
hurudi kuhesabu mshono.
Daftari ndilo lililokufa.
Miaka minne ya deni, kwa wino wa buluu,
nililikuta limevimba kama boflo ndani ya chai ile ile,
majina yameshikana mikono, yameyeyuka pamoja,
mdaiwa na aliyelipa hawajulikani.

Asubuhi mtaa mzima ulishikwa na maradhi ya kusahau.
"Mimi? Si nilimaliza kabla ya Ramadhani?"
"Sindano? Sindano zipi?"
Ni Kadzo tu, mshona sare za skuli,
aliyekuja viatu mkononi, leso imelowa matope:
"Unanidai elfu moja mia tisa. Andika."
Sina pa kuandika, nikamwambia.
Akaandika mwenyewe, kwa chaki, mlangoni.

Mwaka huu sikungoja mawingu yafanye mkutano.
Rafu ya chini nimeipandisha matofali matatu;
fundi alitaka mawili, nikamwonyesha
mstari wa matope ukutani,
ambao makusudi sikuupaka rangi.
Bobini, mikanda, sindano za namba kumi na nne: juu.
Mota: juu zaidi.
Swichi ya umeme imehamishwa, sasa inanifika begani.
Kiti changu kibaki chini; ni cha mbao, kinajua kuelea.

Leseni ya kaunti, cheti cha kodi, risiti za jumla,
orodha ya cherehani na namba zao za ubavuni,
vimelala ndani ya ndoo ya rangi ya lita nne,
kifuniko kimekazwa, kamba shingoni,
ili hata nikiamshwa usingizini na maji ya kifundoni
mkono ujue pa kushika.
Na kila Ijumaa, kabla ya kufunga,
napiga picha kurasa za wiki, namtumia
shemeji yangu Mwakio, Wundanyi,
huko juu ambako maji hupita tu, hayalali.
Hujibu neno moja: Zimefika.
Wiki moja akaongeza: Huyu Chengo mbona halipi?

Lakini nisijipake uturi.
Siku niliponunua daftari jipya,
kurasa mia mbili, jalada gumu,
kalamu ilikaa hewani muda mrefu.
Kwani maji yalivuka hadi kisiwani,
stoo ya Taibali wa vipuri, kule Makupa, nayo iliyanywa,
na daftari lake, nilisikia, lilikwenda njia ya langu.
Alikuwa akinidai elfu kumi na nane na mia nne.
Hakuna karatasi duniani iliyolijua deni hilo.
Hata yeye, tulipokutana sokoni,
aliniulizia watoto, akaniulizia mgongo, akaenda zake.
Mafuriko yalikuwa yameniosha.
Kwa maji machafu, lakini yameniosha.

Usiku ule niliinuka mara mbili kuutazama mlango.
Chaki ya Kadzo ilikuwa bado pale,
nusu imefutwa na migongo ya wateja.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nikaandika:
Nyamvula anadaiwa na Taibali, 18,400.
Nikapiga picha.
Nikaituma Wundanyi kabla sijabadili nia.